Muhuri wa Tatu

Jioni ile nilirudi ofisini kwa ajili ya feni tu. Mlinzi alikuwa amenipigia simu kwamba chumba cha seva kinapiga kelele. "Narudi sasa hivi, msile bila mimi," nilimwambia mke wangu.

Kumbe feni ilikuwa nzima. Seva zetu mbili, ya zamani na mpya, ndizo zilizokuwa zimeelemewa na kazi.

Niliwasha skrini. Barua pepe moja ilikuwa inazunguka. Seva ya zamani inaipeleka kwa mpya. Mpya inasema huyu mtu simjui, inairudisha. Ya zamani inaipeleka tena. Kila ikizunguka inaacha nakala, na diski inajaa. Ikijaa, barua za kampuni nzima zinapotea.

Anwani ilikuwa ya marehemu dada yangu.

Alikuwa karani wetu wa mishahara. Alipofariki, seva mpya iliwekwa bila jina lake. Kulifuta kwenye ile ya zamani ilikuwa kazi yangu, na kila nikigusa kibodi mkono unagoma. Jamani, dada yangu! Ningemfuta vipi?

Aliyeandika alikuwa mumewe, mtunza stoo wetu. Taa ya stoo bado ilikuwa inawaka, nikamwita. Alikuja macho mekundu.

"Nilimwandikia tu, shem," alisema. "Mtoto kamuulizia leo."

"Wala sikulaumu. Ngoja niikate."

Dawa yake ni rahisi. Kila seva hugonga muhuri kwenye barua inayopita. Unaiamuru: mihuri ikizidi kiasi, itupe barua, isimrudishie mtu yeyote. Nikaandika amri, ikabaki kubonyeza. Nikaifungua barua kwanza, niitazame mihuri yake.

Ya zamani. Mpya. Ya zamani. Mpya...

Halafu muhuri wa tatu.

Haukuwa na jina. Na sisi hatuna mashine ya tatu.

Chumba kile siku zote hunuka vumbi na plastiki ya moto. Sasa kilinukia dawa ya kuchua, ile ile aliyokuwa akijipaka dada kifuani alipokuwa hoi kitandani.

"Unasikia harufu?" nilinong'ona.

Shemeji alikuwa analia kimyakimya, kidole kwenye skrini. Chini ya maneno yake kulikuwa na neno ambalo hakuliandika yeye.

*Mwambie*

Barua ikaenda. Ikarudi.

*Mwambie mwanangu*

"Ni yeye," shemeji alinong'ona. "Wallahi ni yeye."

Simu yangu ikalia. Bosi. "Fundi, barua zimekwama zote! Diski inakwisha, unangoja nini?"

*Mwambie mwanangu, giza likiingia*

Feni zilipiga kelele. Taa nyekundu ya diski ikawaka.

*Mwambie mwanangu, giza likiingia, asimfungulie*

"Neno moja tu, shem." Alinishika mkono. "Nakuomba. Moja tu..."

Nilikuwa nimeshabonyeza.

Barua ikatupwa, feni zikatulia.

Shemeji aliketi sakafuni, akalia kama mtoto. Nami nililia. Nilipofika nyumbani, mke wangu aliniuliza nimejipaka dawa gani.

Tangu hapo nimeiondoa ile amri, nikamwandikia dada barua nyingine, nikaiacha izunguke kwa muda kabla ya kuikata. Ilirudi na mihuri ya seva zetu mbili tu. Lakini nguo zangu, hata zikifuliwa, bado zinanukia dawa ya kuchua.

Juzi nilipeleka kwa shemeji viatu vya shule vya mtoto. Jua lilikuwa limeshazama. Nilibisha, nikamsikia anakimbilia mlango. "Mjomba! Mjomba kaja!"

Baba yake akamvuta nyuma.

"Njoo kesho mchana, shem," alisema kwa upole, nyuma ya mlango. "Usikasirike."

Sikukasirika. Niliviacha viatu kizingitini nikaondoka. Ningebisha tena kwa lipi? Neno lililobaki silijui. Huenda lilikuwa mjomba.