Nati Mbili Puani mwa Ndege ya Mdogo Wangu

Nilikuwa nimechana pua ya ndege ya mdogo wangu kwa wembe, na yeye yuko bafuni anaimba...

Jamani, msinitukane kwanza. Someni mpaka mwisho.

Ndege zetu ni za maboksi. Mwili boksi la friji, mota ya midoli mibovu, magurudumu ni vizibo vya chupa. Mimi ndiye niliyeanza, miaka sita naokota maboksi nyuma ya maduka, mpaka mtaani wakaniita Malkia wa Majalala. Yeye nilikuwa nimemfundisha mwaka mmoja tu.

Lakini mgeni akija nyumbani, mama anatoa ndege ya nani? Ya kitinda mimba wake.

Wivu ulinikaba, siwafichi.

Siku hiyo karakana inayounda ndege za kupiga picha mashamba ilikuwa inachukua mwanafunzi mmoja. Mmoja tu! Ndege itakayokaa hewani zaidi, mwenyewe anaingia.

Nikasukuma nati mbili kwenye ncha, nikabandika. Hata ndani, betri inapokaa, sikuchungulia. Pua ikizidi uzito, ndege inazama.

Tuna kawaida moja. Kabla ya kurusha, unaiegemeza ndege juu ya vidole viwili, chini ya mabawa. Ikiinama, unarekebisha. Asubuhi ile nilivyohangaika na yake, yangu sikuipima.

Uwanjani nikarusha mimi kwanza. Ikapanda kidogo... ikainamisha pua, ikajibamiza chini. Sekunde nne.

Nikajipa moyo kwamba tutaanguka wote.

Yake ikapanda, ikakata kona, ikazunguka uwanja mpaka watu wakasahau kupiga makofi. Dakika saba! Roho iliniuma mpaka nikakaa chini.

Mkuu wa karakana akaifungua pua ya ndege yake, akatoa zile nati.

"Nani kaweka uzito huu? Huyu anaijua kazi."

Mdogo wangu akanitazama, machozi yanamlengalenga, akanivuta pembeni.

"Dada, kumbe uliona?"

"Niliona nini?"

"Nilivyobadilisha betri. Ile yangu mpya, nzito, nilikuwekea wewe alfajiri. Nilijua utaipima kwa vidole kama kawaida yako. Yangu nikaitia ile yako nyepesi kuukuu, ili pua ikose uzito, ianguke. Nafasi nilitaka uichukue wewe... ulianza kabla yangu."

Nikatazama zile nati mkononi mwa mkuu.

"Na wewe ukaenda kunisawazishia," akasema, akanikumbatia.

Nami nikakumbatika. Betri yake ndiyo iliyoizamisha ndege yangu. Nati zangu ndizo zilizoinyanyua yake.

Sasa yuko karakanani mwaka wa pili. Kila anakokwenda anasimulia jinsi dada yake alivyomwokoa. Mama naye siku hizi ananisifu kwa wageni, nami naangalia chini.

Ndugu zangu, mwenye wivu hushinda anampima mwenzake, yake akaiacha bila kuipima. Mimi nilikosa nafasi kwa hilo, si kwa sababu ya mtu.

Na wewe mdogo wangu, najua ukurasa huu unausoma. Nati zile niliweka ili uanguke. Asante yako naila mwaka wa pili huu bila haki. Nipo nyumbani, njoo unigombeze.