Hereni ya Shemasi

Verlyn Brekke hakuwa na mke, na umri wake ulikuwa miaka arobaini na mitatu. Hakuwa na shamba. La baba yake liliuzwa pamoja na ng'ombe wa maziwa. Hakuwa na kidole gumba cha mkono wa kushoto, kilichukuliwa na mashine ya kuvunia mahindi akiwa kijana. Hakuwa na maneno matamu, hakujua kucheza, na gari lake halikuwa na kipasha joto, jambo ambalo katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mwezi wa Novemba si mchezo. Alichokuwa nacho ni kisu kikali, cheti cha jimbo cha kuchukua sampuli kwenye vichwa vya kulungu wa kufugwa, na sahihi ambayo kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeitilia shaka.

Asubuhi ile ya Jumanne, ndani ya banda la akina Dudek, kisu kilikuwa mkononi lakini kazi ilikuwa imesimama.

"Mbona umeganda kama nguzo ya uzio?" akauliza Leland Dudek, mwenye banda. "Kata, shemeji. Kahawa inapoa."

Verlyn alikuwa ameshika sikio la kulungu dume aliyekufa, aliyelazwa mezani. Lilikuwa na hereni ya njano, namba 417. Katika daftari za jimbo, 417 alikuwa Shemasi, dume wa miaka saba ambaye Noreen, dada yake Leland, alimlea kwa chupa ya maziwa. Noreen mwenyewe alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Pete ya Verlyn ilikuwa na siku nne tu kidoleni mwake.

"Shemasi alivishwa hereni lini?" akauliza Verlyn.

"Akiwa mtoto," akajibu Leland. "Sheria zenu hizo. Kulungu hapumui mpaka avishwe namba."

"Basi tundu lake lina miaka saba."

"Hesabu unajua, hongera."

"Tundu la miaka saba halitoki damu, Leland."

Akaligeuza sikio. Kingo za tundu zilikuwa nyekundu, na tone la damu lilikuwa limegandia kwenye plastiki ya njano. Nje, madume walikuwa wakigonganisha pembe.

"Huyu si Shemasi," akasema Verlyn. "Huyu ni dume mzima mliyempiga risasi leo, mkamtoboa sikio. Shemasi yuko wapi?"

Leland akaweka kikombe chini taratibu.

"Sikiliza, shemeji. Ijumaa lori linakuja kuchukua madume kumi na wawili, wanakwenda ranchi ya wawindaji huko kaskazini. Jimbo likipata jibu safi la 417, lori linaondoka. Likikosa, tunawekwa karantini. Na jibu likiwa baya, wanakuja watu wenye makoti meupe kuua kulungu wote hamsini na wanane, ardhi inafungwa miaka. Baba yetu alilijenga shamba hili kwa mikono yake. Wewe unatakiwa kuandika jina lako tu."

"Shemasi alikuwa anakonda?"

"Kila mzee anakonda."

"Alikuwa anadondosha mate?"

"Verlyn," akasema Noreen. Ndilo neno lake la kwanza asubuhi ile. "Andika tu."

Verlyn akamgeukia. Kuna ugonjwa mmoja wa kulungu usio na dawa wala chanjo. Unautoboa ubongo polepole, mnyama anabaki mifupa, anasahau hata kuogopa watu, na udongo aliodondoshea mate unabaki na sumu ya ugonjwa huo miaka na miaka. Kwa sababu hiyo ilitungwa sheria: kulungu wa kufugwa akifa, kichwa kipimwe, na sikio lenye hereni liende pamoja na sampuli. Noreen aliijua sheria hiyo kama sala ya chakula.

"Alikufa lini?" akamwuliza.

"Nimesema andika."

"Na mimi nimeuliza, Noreen. Lini?"

"Alhamisi."

Verlyn akahesabu kimoyomoyo. Kwa miaka mitatu alimwomba mwanamke huyu, akakataliwa mara mbili. Ijumaa iliyopita, kwenye baa ya Trudy, watu wa kijiji cha Plum Hollow wakila samaki wao wa kukaanga kama kila Ijumaa, alimwuliza mara ya tatu, naye akaitikia kabla hata sahani hazijaondolewa.

"Alhamisi dume anakufa," akasema, "Ijumaa unanikubali. Miaka mitatu sikufaa. Usiku mmoja nikafaa."

"Usianze."

"Ulimtaka Verlyn, au ulitaka sahihi yake?"

Noreen alifungua mdomo, akamtazama kaka yake, akaufunga. Verlyn akalifunga sanduku lake, akaing'oa ile hereni sikioni na kuitia mfukoni.

"Weka hiyo chini!" akafoka Leland. "Ni mali yetu!"

"Ni mali ya jimbo. Na msiniite shemeji."

"Nenda basi! Nenda kalale na cheti chako! Miaka arobaini na mitatu, huna hata kuku, unapewa mwanamke mwenye shamba unaleta maringo!"

Verlyn akapiga gari moto. Lilikuwa baridi kama kaburi.

Adhuhuri simu yake ikalia. Ujumbe wa Noreen:

"Umenidhalilisha mbele ya kaka yangu."

Akajibu: "Wewe umenifanya mhuri."

"Wale kulungu nawajua kwa majina. Hamsini na wanane. Unajua maana yake?"

"Shemasi alikuwa akinusana pua na kulungu wa msituni kwenye uzio kila jioni. Nimewaona kwa macho yangu. Jumamosi msimu wa kuwinda kwa bunduki unafunguliwa, kaunti nzima itakuwa porini. Na hao kumi na wawili wa lori mnawapelekea watu gani?"

Noreen akaandika:

"Kama hutatia sahihi, pete yako iko kwenye sanduku la barua nje ya geti. Njoo uichukue."

"Iache hapo hapo. Ndiyo bei uliyoniwekea."

Alipobonyeza kutuma, alijuta. Lakini maneno ni kama maji, yakimwagika hayazoleki.

Alikaa mezani nyumbani kwake hadi jioni akijaribu kumwandikia daktari wa mifugo wa jimbo. Aliandika tarehe, namba 417, tundu lenye damu. Alipofika pale ambapo kila mchukua sampuli hutakiwa kueleza uhusiano wake na mwenye mifugo, kalamu ikakataa. Miaka yote aliandika "Hakuna". Leo aandike nini? Akaiacha nafasi wazi, akaenda kulala bila kula.

Jumatano asubuhi mlango uligongwa kwa teke. Noreen alikuwa amesimama kizingitini, tope hadi magotini, amebeba kwa mikono miwili lile boksi la barafu ambalo watu hutilia bia wakienda kuvua samaki. Kidoleni hakuwa na pete.

"Sogea," akasema. "Zito."

"Nini hicho?"

"Fungua uone, bwana sheria."

Verlyn akafungua. Juu ya vipande vya barafu kilikuwepo kichwa cha dume, pembe zimekatwa, manyoya yamejaa udongo, mashavu yamebonyea.

"Leland alimzika nyuma ya ghala," akasema Noreen. "Nimemfukua kwa trekta."

"Nani amekata kichwa?"

"Mimi. Nani mwingine? Nilimlisha kwa chupa, nikamkata kwa msumeno." Akalisukuma boksi kwake. "Usinionee huruma, sikuja kwa hilo. Pima."

Verlyn akavaa glavu. Akalishika sikio, akaligeuza kwenye mwanga. Tundu lilikuwepo, kingo zake laini na nyeupe, kama tundu la sikio la bibi aliyevaa hereni tangu usichana. Akaitoa ile ya njano mfukoni, aliyokwisha kuiosha, akaipitisha. Ikaingia bila kusumbua. Hapakuwa na damu.

"Ni yeye," akasema.

"Najua ni yeye! Unadhani ningemsahau?"

"Leland anasemaje?"

"Amesema nisikanyage tena sebule ya baba. Nikamwambia sebule nusu ni yangu, ahame yeye. Na wenye lori nimewapigia mwenyewe, nimewaambia wasije." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Wakija wenye makoti meupe nitawafungulia geti. Nitawatajia jina la kila kulungu kabla hawajampiga."

Verlyn akakata alipopaswa kukata, shina la ubongo na tezi za koo, akatia kila kimoja kwenye chupa yake. Akavifunga vifuniko. Ndipo akauliza bila kuinua macho:

"Na ile 'ndiyo' ya Ijumaa?"

"Nilijua utaniuliza. Una kichwa kigumu kuliko hicho kilichopo mezani."

"Nijibu."

"Alhamisi alikufa mikononi mwangu zizini. Nikakaa pale nalia, nikajiuliza nimpigie nani. Si Leland. Si Trudy. Kila nikifikiri, ni wewe, na hilo gari lako la barafu. Kwa hiyo Ijumaa nikakubali. Jumapili Leland akaja na mpango wake wa hereni, na mimi, kwa woga, nikaufuata. Ule wa Jumapili ni uovu wangu, siukatai. Lakini Ijumaa haikuwa ya Leland."

"Mbona jana hukusema?"

"Ungeamini? Nimeshika hereni ya uongo mkono mmoja, mkono mwingine nikuapie mapenzi?"

"Hata leo nitajuaje?"

Noreen akacheka kwa hasira.

"Hutajua, mwanaume wee! Ndiyo maana nimekuletea kichwa. Tazama: sihitaji tena sahihi ya uongo, sihitaji lori, na shamba pengine sina. Kukubali kwangu leo hakuniokolei hata mbuzi. Basi niulize leo."

Verlyn alikuwa na glavu zenye damu, hana viatu, hana chai. Hakuwa na maneno matamu tangu azaliwe.

"Noreen Dudek, utaolewa nami?"

"Ndiyo, mpumbavu wewe. Na nunua kipasha joto."

"Pete iko wapi?"

"Uliniambia niiache kwenye sanduku la barua. Nimeiacha. Utaifuata mwenyewe, iwe adabu yako."

Akavuta kiti, akaivuta na barua ya jana, akaisoma huku midomo ikicheza. Chini ya maneno ya Verlyn akaongeza yake: kwamba 417 alikufa Alhamisi, akazikwa kwa siri Jumapili, kwamba aliyevishwa hereni yake alikuwa dume mwingine, kwamba yeye, Noreen, alijua. Akatia sahihi. Kisha akagonga kidole kwenye ile nafasi tupu.

"Hapa je? Uhusiano na mwenye mifugo?"

Verlyn akaichukua kalamu. Safari hii haikukataa. Akaandika: "Ni mchumba wangu. Kwa sababu hiyo, tafadhali mtumeni mtu mwingine aje ahakiki kazi yangu."

"Mwandiko kama kuku amepita," akasema Noreen.

"Watasoma."

Posta ya Plum Hollow hufunguliwa saa tatu. Mama wa posta aliwatazama, tope la mmoja na damu kwenye mkono wa koti la mwingine, akaona heri asiulize. Chupa, pamoja na sikio lenye hereni, zilikuwa zimekwisha kufungwa ndani ya boksi la kutumia. Ikabaki bahasha. Verlyn alikunja barua, akaitia ndani, akavuta utepe wa gundi, lakini mkono wake wa kushoto, usio na gumba, haukuweza kuushikilia. Utepe ukajikunja mara mbili.

"Lete," akasema Noreen, bado amenuna.

Akaweka gumba lake mahali ambapo la Verlyn halikuwepo, akabana kwa nguvu mpaka ukucha ukawa mweupe. Verlyn akavuta utepe kutoka mwisho hadi mwisho. Wakaisukuma bahasha pamoja, mama wa posta akaigonga mhuri, akaitupa kwenye gunia la kwenda mji mkuu wa jimbo.