Asilimia Sita Si Sheria

Haya yote ni kweli tupu. Sikutia chumvi hata punje, na anayebisha aje hapa Duluth, Marekani, aulize mtaa mzima.

Mzee Arvid na mkewe Solveig walikaa miaka thelathini na minane katika nyumba moja ya ghorofa. Majira ya baridi theluji ilifika dirisha la juu, na mleta barua aliingilia hapo kunywa kahawa. Chumba cha kulala kilikuwa juu, ngazi kumi na nne. Magoti ya Arvid yalikuwa yamechoka. Siku hizi alipanda kinyumenyume, kwa makalio, kama mtoto.

Wakapata nyumba ndogo isiyo na ngazi, karibu na binti yao. Ili kuinunua, ilibidi wauze ile ya zamani.

Dalali Karla akaja na keki ya matofaa. Aliimba kwaya moja na Solveig kanisani.

"Hii itauzwa dola laki tatu," alisema. "Ujira wa udalali ni asilimia sita. Ndivyo ilivyo." Akaweka mkataba mezani.

Dola elfu kumi na nane! Keki ilimkwama Arvid kooni. Lakini Duluth watu hawabishani kuhusu fedha mezani, sembuse na mgeni aliyeleta keki.

"Si mbaya," akasema Arvid.

"Tutausoma kwanza," Solveig akadakia.

Karla alipoondoka, Arvid alipiga hesabu nyuma ya bahasha. Wakilipa zote hizo, nyumba mpya ingewashinda kwa dola elfu tano.

"Basi tena, mke wangu. Nitaendelea kupanda kwa makalio."

"Na suruali zimeshaisha! Twende kwa Dolores."

Dolores, jirani yao, alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya kuhamisha hati za nyumba.

"Nani kakwambia sita ni sheria?" aliuliza walipomweleza.

"Karla kasema ndivyo ilivyo."

"Ndivyo anavyopenda yeye! Hakuna sheria inayopanga kiwango. Ni mapatano. Mbona uliponunua lile lori bovu ulibishana siku tatu?"

"Muuza lori hakuleta keki."

Dolores akacheka mpaka akamwaga kahawa. "Sikiliza, Arvid. Hiyo sita si ya Karla peke yake. Kwa kawaida nusu huenda kwa dalali wa mnunuzi. Wewe hulazimiki kumlipa huyo. Mnunuzi huandikiana naye mkataba wao. Akiomba umsaidie kulipa, angalia kwanza bei anayokupa, ndipo uamue."

"Na nusu ya Karla?"

"Muulize atafanya kazi gani. Atapiga picha nzuri? Atatangaza wapi? Kisha ongea na madalali wengine wawili, ulinganishe. Usichague wa bei ndogo tu, angalia na kazi yake. Na mkataba uwe wa miezi mitatu. Akilala, mnaachana."

"Atakasirika. Na kwaya je?"

"Ataimba tu."

Wakaongea na madalali wawili. Mmoja alitaka asilimia mbili tu. Jumamosi Karla akarudi.

Arvid alisimama, kichwa kikagusa dari. Akagonga meza, vikombe vikaruka. "Karla, tunakupenda, lakini tutakulipa mbili. Ya dalali wa mnunuzi tutaamua baadaye. Na mkataba ni miezi mitatu!"

Karla akauvuta mkataba karibu. "Mbili na nusu?"

"Mbili."

"Haya, mbili. Watu wengi hata hawaulizi."

Wakaandika walivyopatana, wakasoma kila mstari, wakatia sahihi.

Siku ya tisa akaja mnunuzi na laki tatu kamili. Aliomba wamlipie dalali wake asilimia mbili. Bei ilikuwa nzuri, wakakubali. Udalali wote ukawa elfu kumi na mbili. Elfu sita zikabaki mfukoni, na nyumba mpya wakaipata.

Asubuhi ya kwanza Arvid alitoka kitandani akatembea hadi jikoni. Akarudi. Akaenda tena, kwa raha tu.

Sasa Solveig amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma haya ninayoandika.

"Arvid wee, nani aligonga meza?"

"Si... mimi?"

"Wewe ulijifungia gereji, eti unatafuta koleo! Maneno yote hayo niliyasema mimi, tena nimekaa."

Haya, nimekamatwa. Faini yangu ni kuosha vyombo wiki mbili. Niliomba iwe moja, lakini huyu mwanamke, akishataja kiwango chake, hapunguzi.