Barua Isiyosomwa Yote

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikishalia, Nasambu hakukimbilia nyumbani kama wenzake. Alisimama nje ya ofisi ya Mwalimu Kipyego, mikono nyuma, akisubiri. Mwaka ule wa 1954, barua za watu wengi wa mtaa wao pale Eldoret zilipitia sanduku la posta la shule, na mwalimu ndiye aliyezigawa.

"Wewe na hiyo shingo yako ya twiga," mwalimu alimwambia siku hiyo. "Haya, ya kaka yako hii hapa. Msalimie mama."

Ilikuwa barua ya ndege, karatasi moja ya buluu iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe. Kaka yake, Kituyi, alikuwa akisomea ualimu Edinburgh, mji wa kale huko Uskoti, wenye ngome juu ya mwamba na nyumba za mawe zilizojengwa kabla babu wa babu yao hajazaliwa. Barua zake zilisomwa Jumapili baada ya ibada, mbele ya nyumba, majirani wakija na viti vyao. Msomaji alikuwa Nasambu. Mama yake, Selpha, hakuwahi kukaa darasani, na baba alifanya kazi kwenye shamba la mzungu upande wa Turbo, akirudi mwisho wa mwezi tu.

Majirani walizijua habari za Edinburgh kuliko za Kitale. Walijua kwamba saa saba mchana, kila siku isipokuwa Jumapili, mzinga hulipuliwa ngomeni ili watu warekebishe saa zao. Walijua pia kwamba Kituyi alipousikia mara ya kwanza alilala kifudifudi katikati ya njia, na bibi mmoja akampita na kikapu chake, akamtakia mchana mwema.

Nasambu hakuweza kungoja Jumapili. Aliifungua barua njiani, chini ya mikaratusi. Mwanzo ulimchekesha: Kituyi alikuwa amepotea kwenye ukungu, akabisha mlango wa jirani akidhani ni kwake, na kuomba chakula chake cha jioni. Lakini chini kabisa maandishi yalikuwa madogo, yamebanana.

"Nasambu, hapa usimsomee mtu. Nakohoa tangu Krismasi, na wiki hii nimeona damu kwenye leso. Sijaenda hospitali. Wakisema ni kifua kikuu, nitarudishwa kabla ya mtihani wa Juni. Watu wote walionisindikiza stesheni nitawaambia nini? Wewe ni mtu wangu. Nyamaza."

Jioni hiyo aliuacha ugali wake sahanini. Akisema, kaka atarudishwa na hatamsamehe. Akinyamaza, je, ile damu? Usiku na mchana maneno yale yalimzunguka kichwani. Jumamosi alichota maji mara mbili na kuyamwaga mara moja, asijue yamemwagikaje.

Jumapili viti vilipangwa. Nasambu alianza kusoma, sauti ikiwa chini.

"Inua sauti, mtoto," alisema Mama Kavetsa, jirani yao. "Mimi sikuja kusikiliza kuku."

Watu walicheka. Walicheka tena kwenye habari ya ukungu. Nasambu alipofika kwenye maandishi madogo, aliacha kusoma.

"Na afya yake?" Mama Kavetsa aliuliza. "Hajasema?"

"Amesema... amesema ni mzima. Anakula vizuri. Amenenepa hata koti linambana. Anawasalimu wote."

"Mungu ni mwema," watu waliitikia, wakabeba viti vyao.

Mama alingoja mpaka walipobaki wawili, wakiosha vyombo.

"Nasambu, mimi sijui kusoma. Lakini nimekutazama ukisoma tangu darasa la pili. Ukisoma, macho yako hutembea. Leo uliposema amenenepa, macho yalisimama. Kaka yako anaumwa nini?"

Nasambu aliweka kikombe chini, akaitoa barua mfukoni. Alilia kwanza, kisha akaisoma yote.

Mama alikaa chini palepale kwenye nyasi zilizolowa. "Dada yangu alificha damu hivyohivyo," alisema polepole. "Aliifukia kwenye majivu, akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza. Tulipomwita mganga, dada hakuweza tena hata kuinua kichwa."

"Mama, watamrudisha. Nitakuwa nimemharibia."

"Arudi mzima, nitampokea. Vaa viatu."

Walimkuta Mwalimu Kipyego akikamua ng'ombe wake. Aliisoma ile barua mara mbili, akaiacha ndoo bila hata kuifunika. Kesho yake asubuhi, posta ilipofunguliwa, alipeleka simu ya maandishi kwa Bi Baird, mama mwenye nyumba aliyopanga Kituyi: KITUYI ANAKOHOA DAMU. TAFADHALI MPELEKE HOSPITALI LEO. MAMA YAKE.

Kisha wakangoja. Wiki ya kwanza hakukuja kitu. Ya pili vilevile. Nasambu aliota kaka yake akishuka kwenye treni bila kumtazama. Akimsikia mtu yeyote akikohoa barabarani, aligeuka kumtazama. Ijumaa ya tano mwalimu alimpa karatasi ya buluu bila mzaha wowote, naye hakuifungua njiani.

Jumapili alisimama mbele ya viti, na safari hii Mwalimu Kipyego alikuwa amekuja pia. "Soma," mama alisema. "Na usiruke kitu."

"Nasambu, nilikukasirikia siku tatu. Bi Baird alinishika mkono kama mtoto, akanishusha mlima hadi hospitali nikiwa na ndara miguuni. Ni kifua kikuu, lakini daktari anasema tumewahi. Nadungwa sindano kila siku, na kitanda changu kiko barazani kwenye baridi, ati hewa safi ni dawa. Mtihani nitaufanya mwakani. Hakuna aliyenirudisha. Daktari amesema ningengoja Juni, ningeufanyia mtihani kaburini. Sasa sina hasira. Asante."

Hakuna aliyecheka. Nasambu aliinua uso. "Ile barua iliyopita niliwadanganya," alisema. "Alikuwa hajanenepa."

Mwalimu Kipyego alisimama. "Mmesikia. Ziko siri za kutunza, kama mtu amekuaminia jambo lisilomdhuru. Lakini siri inayomla mwenye siri si ya kutunzwa. Mwambie mtu mzima, hata kama rafiki atakununia. Na ugonjwa si aibu. Kituyi aliogopa kupoteza masomo, kidogo apoteze maisha."

Watu walianza kuondoka mmojammoja. Mama Kavetsa alibaki na kiti chake mkononi, akiangalia chini.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "hospitali ya misheni hupokea wagonjwa siku gani? Mzee wangu anakohoa tangu mavuno. Aliniambia nisimwambie mtu."