Inakubali kwa Dokta Tu

"Shangazi ameshapanda gari. Chakula kisipoe."

Simu ikakatika.

Pamba alirudisha Nokia yake ndogo mfukoni na kuendelea kupanda ngazi. Idarani, kwa wapelelezi wenzake, walimwita Pamba kwa sababu hatua zake hazikusikika. Shangazi lilikuwa lori. Chakula kilikuwa kazi yake.

Lori lilijaa maboksi ya dawa ya homa ya watoto. Maboksi mazuri, yenye muhuri unaong'aa. Ndani mlikuwa na chaki na sukari.

Jioni lingefika mpakani. Likivuka, maboksi yale yangesambaa hospitalini, na kuna wazazi ambao wangewanywesha watoto wao chaki huku wakiomba wapone.

Mpakani, askari wa forodha humulika muhuri kwa kifaa cha mkononi. Taa nyekundu, boksi ni bandia. Taa ya kijani, pita.

Karakana iliyotengeneza programu ya vifaa hivyo ilikuwa hapo juu, orofa ya mwisho, juu ya duka la magodoro. Alasiri hiyo ilikuwa itume toleo jipya kwa vifaa vyote vya mpakani. Idara ilikuwa imelijaribu toleo lile kwa siri, kwa boksi bandia waliloliteka. Kompyuta za Windows za bandarini zilisema nyekundu. Kompyuta za Linux za bohari kuu zilisema nyekundu.

Kifaa cha mkononi kilisema kijani.

Programu ile ile. Boksi lile lile.

Wataalamu wa Idara waliisoma programu mstari kwa mstari. Ilikuwa safi kama mchele uliochambuliwa.

Pamba alisukuma mlango.

"Shemeji huyo!" Kelele alipaza sauti kutoka mezani kwake. Alikuwa mwandishi wa programu mnene, mwenye vipokea sauti shingoni, na jina lake lilimfaa. "Umechelewa. Bwana wako ameangalia mlango mpaka bawaba zimeona haya."

"Niache, Kelele."

"Nikuache vipi na ndoa inakuja? Mimi suti nimeshashona."

Watu wakacheka. Kwenye meza ya dirishani, mwanamume mwembamba mwenye miwani aliinua macho, akatabasamu, akayarudisha kwenye kioo. Huyo ndiye waliyemwita Dokta. Programu ikiugua, ikikataa kujengwa, watu walisema mpelekee Dokta. Hakumfukuza mtu. Hakumcheka mtu.

Idara ilikuwa imempandikiza Pamba pale kama mpimaji wa programu, miezi mingi iliyopita. Alitakiwa amzoee kila mtu. Alimzoea Dokta kupita maagizo. Wapelelezi hufundishwa kupenda kwa uongo. Hakuna aliyemfundisha la kufanya siku uongo ukigeuka kweli.

Aliingia stoo, akafunga mlango. Nyuma ya maboksi ya nyaya alikuwa ameficha kifaa kimoja cha mkononi, boksi bandia na kompyuta ya Idara, ThinkPad mpya, haijawahi kuguswa na mtu wa karakana. Kwenye kiuno, chini ya blauzi, bastola ya Glock ilikuwa baridi.

Kama programu ni safi, uchafu unaingilia wapi?

Unaingilia kwenye ujenzi.

Programu huandikwa mara moja, lakini hujengwa upya kwa kila aina ya mashine. Kuna faili la maelekezo linaloiambia kompyuta: ukijenga kwa ajili ya Windows, chukua vipande hivi, kwa ajili ya Linux, chukua vile, kwa ajili ya kifaa cha mkononi, chukua vingine kule. Faili la pale lilikuwa refu kama safari, limeandikwa na watu waliokwisha kuacha kazi, na kila mtu aliliogopa kama waya ulio wazi. Liguse, nyumba nzima inazimika.

Pamba alijenga ya Windows. Ikakubali.

Ya Linux. Ikakubali.

Ya kifaa cha mkononi. Maandishi mekundu yakajaa kioo. *Kipande cha kusoma mihuri hakikupatikana.*

Alitoka stoo, akamwendea Kelele.

"Hebu nijengee ya mkononi hapa kwako."

"Ya mkononi?" Kelele alibonyeza kitufe huku akicheka. Maandishi mekundu. "Umeona? Hiyo haijakubali kwa mtu tangu faili libadilishwe. Sisi wote tunampelekea Dokta. Kwake tu ndiko inakubali."

"Hamjawahi kuuliza kwa nini?"

"Shemeji, kitu kikikubali, huulizi. Unashukuru, unakwenda kula."

Pamba alirudi stoo. Miguu yake ilikuwa mizito, yeye aliyeitwa Pamba.

*Awe Kelele*, aliomba kimoyomoyo. *Awe yeyote.*

Alilifungua faili la maelekezo. Alisoma polepole, kidole kwenye kioo, kama mtoto anayejifunza herufi. Akafika.

Mstari ulisema: ukijenga kwa ajili ya kifaa cha mkononi, chukua kipande cha kusoma mihuri kutoka folda hii. Na folda iliyotajwa haikuwa ya karakana. Njia yake ilianza na diski ya kompyuta ya mtu mmoja, ikapita kwenye jina lake la kuingilia, ikaishia chini kabisa, ambako mwingine asingetazama.

Kompyuta ya Dokta.

Lilikuwa kosa la mtu anayejaribu kazi kwenye mashine yake mwenyewe na kuiona inakubali. Alisahau kwamba folda ile haiko kwa wengine. Walipoanza kulalamika, angeweza kuwaambia watazame faili. Badala yake aliwaambia leteni, nitawajengea. Na walipenda upole wake, wakaleta.

Pamba aliufuta ule mstari, akaandika njia ya kipande safi cha karakana. Akajenga upya kwenye ThinkPad. Ikakubali. Akaipakia kwenye kifaa, akamulika boksi bandia.

Nyekundu.

Akapakia toleo alilolijenga Dokta asubuhi.

Kijani.

Alikaa chini, juu ya boksi la nyaya. Akabonyeza Nokia.

"Sema," Mkuu wa Idara alisema.

"Nimempata."

"Nani?"

Pamba alifunga ThinkPad polepole.

"Pamba. Nani?"

"Dokta."

Mkuu alikuwa mtu mzima, amezika wengi.

"Yule wako?"

"Yule wangu."

"Nikutumie mtu mwingine?"

"Hapana, Mkuu."

"Basi sikiliza. Ukimshika kabla hajatuma, lori litajua, litageuza njia. Tunawataka wote. Atume, ila asitume sumu. Unaweza?"

"Naweza."

"Kuna Prado nyeupe imeegeshwa chini. Ni bosi wao. Dokta akimaliza kutuma, bosi anamchukua wanatoroka."

Wakati wa chakula cha mchana karakana iliondoka kwa pamoja, Kelele akiongoza msafara. Dokta alibaki. Pamba naye alibaki.

"Hujala," Dokta alisema.

"Sina hamu."

"Ngoja nikuletee chai. Unakuwa mkali usipokula."

Alitoka kwenda jikoni mwisho wa ukumbi. Pamba alichomoa flashi ya SanDisk kwenye pindo la sketi, akaichomeka kwenye kompyuta ya Dokta, akaifungua ile folda ya chini. Kipande kichafu kilikuwepo. Alikitoa, akaweka kipande safi mahali pale pale, kwa jina lile lile.

Sufuria ilisikika jikoni. Dokta alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Pamba alianzisha ujenzi mpya. Mstari ukasogea. Nusu. Robo tatu.

Hatua kwenye ukumbi.

Ukakamilika. Alichomoa flashi, akasogea dirishani.

"Weka chini, itakuunguza," Dokta alisema, akimpa kikombe.

Akakaa kwenye kiti chake. Kioo kilimwonyesha toleo la mkononi, limejengwa, tayari. Mkono wake ukaenda kwenye kipanya.

"Usitume," Pamba alisema.

Halikuwa agizo la Mkuu. Lilimtoka tu.

Dokta aligeuka. "Kwa nini?"

"Nakuomba. Leo usitume. Sema kompyuta imekataa. Mimi nitasema nimeona imekataa."

Walitazamana. Chini, honi ya Prado ililia mara moja, fupi. Dokta alielewa. Pamba alimwona akielewa, macho yake yakitembea kutoka usoni mwake hadi kiunoni, kwenye uvimbe mdogo chini ya blauzi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwanzo."

"Yote?"

"Si yote."

Alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. Kisha akabonyeza.

*Toleo limetumwa.*

Pamba alihisi kitu kikikatika ndani, kimya kimya, kama uzi. Alikuwa amempa nafasi ya mwisho. Alikuwa tayari kumdanganya Mkuu, Idara, dunia nzima, kwa ajili ya kidole kimoja kisichobonyeza.

Glock ikatoka.

"Mikono juu ya meza."

"Umechelewa, mpenzi. Imeshakwenda."

"Iliyokwenda ni safi. Nimekubadilishia kipande ulipokuwa ukinichemshia chai."

Dokta aligeukia kioo. Halafu akacheka, kicheko kidogo kilichochoka. "Kwenye folda yangu?"

"Kwenye folda yako."

Alifungua mtoto wa meza polepole, kwa vidole viwili. Alitoa pasipoti mbili, akazisukuma mbele. Moja ilikuwa na picha yake. Ya pili ilikuwa na picha ya Pamba.

"Nilitaka tuondoke. Mimi na wewe. Nyumba, bustani, tusahau haya maghorofa."

"Kwa chaki?"

"Sikufikiria watoto. Nilikufikiria wewe."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo," Pamba alisema. "Ningekataa."

Chini, injini ya Prado ilinguruma. Pamba alisogea dirishani, bastola bado imemwelekea Dokta, akasema kwenye kipaza sauti kilichofichwa kwenye kola yake:

"Nyeupe inaondoka."

"Tumeziba mbele," kijana mmoja wa Idara akajibu kutoka chini. "Anarudi nyuma!"

Aligeuza mkono. Risasi moja. Tairi la nyuma likapasuka, Prado ikaparamia rundo la magodoro ya dukani na kuzama humo kama mgonjwa kitandani. Vijana wa Idara wakaizingira.

Alipogeuka, Dokta hakuwa amesogea. Angeweza kukimbia. Alikuwa amenyoosha mikono mbele, vifundo pamoja, akimsubiri.

Pamba alimfunga pingu. Hakuzikaza.

"Mama yangu," Dokta alisema. "Mwambie wewe. Asisikie kwa majirani. Tafadhali."

Pamba aliitikia kwa kichwa.

Wakamchukua. Kelele alikuwa akipanda ngazi na mfuko wa chakula, akajibanza ukutani kuwapisha. Aliangalia pingu, akamwangalia Pamba, akaweka mfuko chini.

Jioni ilipoingia, Nokia ililia.

"Mpakani," Mkuu alisema. "Kifaa kimesema nyekundu. Boksi la kwanza, la pili, yote. Lori tunalo na watu wake. Kazi nzuri, binti yangu. Gari linakuja kukuchukua."

"Nitatembea."

"Pamba."

"Mkuu?"

"Ukitaka kulia, lia. Hakuna atakayeandika."

"Nina pa kwenda kwanza."

Alivuka barabara, akapita kituo cha mafuta, akakata uchochoro wa mafundi cherehani. Hatua zake hazikusikika. Mtu angemwona angesema dada anarudi kutoka kazini, ametulia, hana habari na dunia.

Nyumba ilikuwa na mlango wa bluu. Alibisha.

Mama mtu mzima alifungua, kanga kiunoni, mikono ina unga. Uso wake ukachanua.

"Mkwe wangu! Karibu, karibu mwanangu." Akachungulia nyuma ya bega la Pamba, kwenye uchochoro mtupu. "Mwenzio umemwacha wapi?"

Pamba alivua viatu. Akamshika mama mkono, unga na yote, akaingia naye ndani.