NANI ALIWAAMBIA KUHUSU MGUU WANGU WA KUSHOTO?

Gongo la hoki lilitua kwenye kifundo cha mguu wangu wa kushoto. Palepale penye ufa!

Nilianguka kwenye barafu nikipiga yowe.

Yule mshambuliaji wa Harjula, timu pinzani, akainama kana kwamba ananipa pole, akaninong'oneza:

"Ni huu wa kushoto, sivyo?"

Nyie!! Maumivu yenyewe niliyasahau kwa sekunde. Amejuaje???

Naitwa Tarmo Hietala. Ukifuatilia hoki ya barafu hapa Finland, jina hilo ulilisikia sana enzi zile, halafu ukaacha kulisikia. Beki wa Kivilahti. Watoto walivaa jezi yangu shuleni. Nilipotimiza miaka ishirini na sita nilikuwa nimeshachuja, na kila mtu ana sababu yake.

Wapo wanaosema umaarufu ulinilevya. Wapo wanaosema mke wangu, Henna, ndiye kaniharibu. Mmoja aliandika humu humu eti nilizidisha mikate ya mdalasini!

Leo nasema mwenyewe. Someni taratibu.

Wiki moja kabla ya mechi ile, kwenye nusu fainali, nilijitupa mbele ya shuti. Ndiyo kazi ya beki, kuzuia kwa mwili. Kile kisahani tunachochezea ni kigumu kama jiwe, na kilinipata kifundoni.

Daktari wa timu akaitazama picha, akaguna.

"Kuna ufa, Tarmo. Msimu wako umekwisha."

"Sindano ya ganzi ipo?"

"Ipo. Ila ukigongwa tena hapo, mguu huu hautarudi ulivyokuwa."

"Choma."

Msinishangae. Kwetu sisi, mechi za mtoano zikianza, hakuna anayesema anaumwa. Unafuga ndevu kama mila yetu inavyotaka, unafunga mdomo, unaingia uwanjani. Klabu nayo ikatangaza yale ya kila siku, kwamba Hietala ana maumivu kidogo. Wapi? Hawasemi ng'o. Mpinzani akijua pa kugonga, atagonga hapohapo.

Walioujua mguu ule ni wachache. Daktari. Kocha. Nyumbani kwangu Henna na mzee wangu. Na Jarkko.

Jarkko ndiye beki mwenzangu. Tumeteleza pamoja tangu tuna meno ya utoto, na siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyesimama pembeni yangu. Kocha alimpa kazi ya kunizibia upande wa kushoto.

Siku ya fainali alinifuata nikiwa nafunga viatu. Uso umempauka.

"Tarmo, leo usicheze."

"Una wazimu? Fainali hii!"

"Nakuomba, kaka. Kaa nje."

"Kwa nini?"

Akatazama sakafu.

"Basi tu... nina hofu."

"Hofu kampelekee mkeo. Mimi nacheza!"

Nikacheza. Yaliyonikuta nimeshawaambia.

Nikiwa nimelazwa kwenye meza ya daktari, nikaanza kuunganisha. Jarkko alijua mguu. Jarkko alijua nitaumizwa. Na tetesi zilikuwa zimeenea kuwa Harjula wanamtaka msimu ujao!

Damu ikanichemka. Mechi ilipoisha, tumefungwa, nikaingia chumba cha kubadilishia nguo kwa kuchechemea. Wenzetu wote wamo.

"Ni wewe!!"

"Siyo mimi, Tarmo."

"Sasa ulijuaje kwamba leo wananiumiza?"

Akainama kufungua viatu vyake.

"Sema! Ulijuaje?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema?!"

Nilimrushia kofia yangu ngumu usoni. Ikampasua juu ya jicho, damu ikamtiririka hadi kwenye ndevu. Hakuinua mkono. Alinitazama tu, akachukua taulo, akatoka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemmiminia kahawa. Na kwetu ukinyimwa kahawa, jua umeshafukuzwa. Mkataba wake ulipoisha akaenda Harjula kweli. Angekwenda wapi?

"Si tulisema!" mji mzima ukashangilia. Mama yake akawa anazomewa dukani, mjane wa watu.

Mguu wangu ukaunga, lakini ukaunga vibaya.

Beki anaishi kwa kuteleza kinyumenyume, adui yuko mbele yake, na lazima ageuke haraka adui anapochagua upande. Kugeukia kulia, sawa. Kushoto... nachelewa. Kidogo tu! Lakini washambuliaji hao si wajinga. Mmoja akapita kushoto. Wa pili akapita hukohuko. Baadaye hata vijana waliotoka timu za watoto wananipita kushoto huku wanacheka, na Jarkko wa kunizibia hayupo.

Kutoka kikosi cha kwanza nikaenda benchi. Kutoka benchi nikaenda daraja la chini, kwenye viwanja ambavyo watu huja kula soseji kuliko kutazama mechi. Niliumia moyo, sitawaficha. Na kila nilipopitwa nilimlaani Jarkko kwa jina.

Sasa ngojeni.

Mwaka jana, sikukuu ya katikati ya kiangazi, tulikuwa kwa mzee wangu, Kauko, kwenye kibanda chake cha ziwani. Mchana kweupe tukaingia sauna na majirani zake. Mzee akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukatupanda masikioni. Jirani mmoja akanitania:

"Kauko, mwanao siku hizi anatembea kama bata!"

Wakacheka. Mzee akavimba kifua.

"Mtazameni vizuri huyo bata! Alicheza fainali na kifundo kimepasuka! Niliwaambia wazee kwenye sauna ya mjini, siku moja kabla. Nikawaambia, cha kushoto kina ufa, na kesho mwanangu anaingia uwanjani! Walibaki midomo wazi!"

Humo ndani ya moto mimi nikahisi baridi.

"Baba... uliwaambia akina nani?"

"Wazee wetu tu. Na mgeni mmoja, babu yake kipa wa Harjula, alikuja kutazama fainali. Yule mzee alinipa mkono kwa heshima!"

"Baba..."

"Hata yule msaliti wako, Jarkko, alikuwepo, benchi la juu! Kijana hana adabu, ananiambia eti ninyamaze. Nikamwambia wewe, ya sauna yanabaki sauna. Na usiende kumwambia Tarmo, hapendi nimsifu. Akaniahidi."

Jamani...

Kwetu neno la sauna halivuki mlango. Mtu anaweza kumlilia hata adui yake mle ndani, na wakivaa nguo hakuna aliyesikia kitu. Mzee wangu ameiamini sheria hiyo maisha yake yote, haikumpitia akilini kwamba mgeni anaweza kuivunja. Lakini babu naye ana mjukuu!

Aliyeishika sheria ni mmoja tu, na ndiye niliyempasua uso.

Nilitoka nimejifunga taulo, nikakaa kwenye gati, nikampigia Jarkko. Simu iliita hadi nikakata tamaa, ndipo akapokea.

"Ulijua ni baba," nikamwambia.



"Nilijua."

"Mbona uliniacha nikuumize mbele ya watu?"

"Ningesema, ungemuumiza nani? Una baba mmoja, Tarmo. Beki mwenza nilidhani utapata mwingine."

Nililia. Mwanaume mzima!

"Nakuja Harjula, kaka. Nikupigie magoti."

"Usije."

"Jarkko, tafadhali..."

"Mama yangu alizikwa akiitwa mama wa msaliti. Nilikusamehe kitambo. Ila sitaki kukuona."

Akakata.

Nyuma yangu mlango wa sauna ukafunguka. Mzee akachungulia, mwekundu, mwenye furaha zake.

"Tarmo! Mbona unajitenga? Njoo uwasimulie lile shuti, hawaniamini!"

Nilimtazama. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, yote. Anazeeka, na mguu huu mbovu ndio fahari pekee aliyobaki nayo.

Nikaingia, nikawasimulia. Wakapiga makofi.

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Niliuficha ufa nikidhani ni uanaume, na siri ile ikala mguu, ikala rafiki, ikala na mama wa watu. Na ukisalitiwa, usiwashuku maadui na marafiki peke yao. Uliza pia anayekupenda kupita kiasi anakusifia wapi, na mbele ya nani.

Mzee hasomi mitandao, hili halitamfikia. Kila nikienda ananiomba niwasimulie wageni wake, nami nasimulia.

Nyie mngemwambia?