Hati ya Verlon Stidham

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili Oktoba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Verlon Stidham aliegesha pikapu yake mbele ya kituo cha mafuta ili anunue kahawa mbili. Shemeji yake, Opal, alibaki ndani ya gari na blanketi magotini. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi Verlon alimpeleka Opal mjini kusafishwa damu kwa mashine, kwa sababu figo zake zilikuwa zimekufa. Maili arobaini kwenda, arobaini kurudi. Basi la abiria hakuna. Dereva mwingine hakuna. Dada yake Opal, ambaye alikuwa mke wa Verlon, alifariki mwezi wa Juni.

Ndani ya kituo wazee wa kila siku walikuwa mezani, wanakula vimikate vya moto na rojo ya soseji.

"Jamani simameni, mtu maarufu kaingia!" alisema Doyle Cupp.

"Maarufu babu yako," Verlon alijibu. "Sogea nichukue sukari."

"Sikutanii, bwana. Umo gazetini. Umewekwa kati ya mwizi wa betri na yule aliyemng'ata askari."

Meza nzima ikacheka. Doyle akamsukumia gazeti la kaunti. Verlon alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama alivyosoma tangu alipoacha shule. Jina lake lilikuwepo. Mbele yake paliandikwa: HATI YA KUKAMATWA. KUTOFIKA MAHAKAMANI.

Alirudi kwenye gari mikono mitupu.

"Kahawa iko wapi?" Opal aliuliza.

"Imeisha."

"Kituo kizima?"

Verlon akawasha gari. Aliendesha pole pole mpaka mjini, jicho moja barabarani, jingine kwenye kioo cha nyuma.

Alasiri alikwenda kwa jirani yake, Lurlene Prater. Mama huyu alikaa miaka ishirini na sita kwenye dirisha la karani wa mahakama kabla ya kustaafu. Sasa macho yake yameharibika, haendeshi tena gari. Alikuwa barazani akivunja kokwa za jozi kwa nyundo, vidole vyeusi kwa maganda.

"Nimesomewa habari zako," alisema. "Kaa."

"Wananitakia nini, Lurlene? Mwezi wa Mei askari walinisimamisha kwa taa mbovu ya breki. Nikaitengeneza siku ileile!"

"Ukamwonyesha nani?"

"Nimwonyeshe nani? Ng'ombe wangu?"

"Karani. Karatasi waliyokupa unayo?"

Verlon akaitoa mfukoni. Ilikuwa imekaa garini miezi mitano, imekunjwa mara nne.

"Soma kule chini," alisema Lurlene.

Verlon hakuwahi kufika chini. Alisoma sasa. Ilimtaka atengeneze taa, halafu afike mahakamani na risiti, Jumatano, tarehe saba Juni.

Nyundo ya Lurlene ikasimama. Garnet, mke wa Verlon, alizikwa tarehe sita.

"Taa ya breki wanaiona ng'ambo ya mlima," alisema Verlon. "Jeneza hawalioni."

"Hakuna aliyewaambia, ndugu yangu. Hakimu aliita jina lako, kimya. Basi akatia saini hati palepale kitini pake. Kosa la taa ni dogo. Kinachokutafuta ni kutofika."

"Wangeniandikia barua!"

"Huwa wanaandika. Leseni yako ina anwani ipi?"

Hapo Verlon akatazama viatu vyake. Miaka mitatu nyuma wakubwa wa kaunti walifuta anwani zote za zamani na kuzipa barabara majina, ili gari la wagonjwa lipate nyumba upesi. Jambo zuri. Lakini wakubwa ni wakubwa: barabara ya Verlon waliipa jina la mbwa wa kuwinda wa mwenyekiti wao. Duke. Verlon aliapa hataandika jina la mbwa kwenye leseni yake. Tarishi wa zamani alimjua, akamletea barua hivyo hivyo. Tarishi alipostaafu, barua zikaanza kurudishwa zilikotoka.

"Wangeweka jina la mtu ningebadilisha," alisema.

"Huyo mbwa alishakufa, Verlon. Atakayelala ndani ni wewe."

"Doyle anasema baada ya mwaka hati inajifuta yenyewe."

"Doyle huyo huyo aliyepanda viazi vya kukaanga? Haijifuti. Itakaa miaka ishirini ikikungoja. Siku utakayosimamishwa hata kwa tope kwenye namba ya gari, wanakuchukua. Na hakimu anakuja huku Jumatano moja tu kila wiki mbili. Ukikamatwa siku mbaya, utamngoja ndani."

"Na Opal?"

"Ndiyo maana usilale. Kesho asubuhi piga simu kwa karani wa mahakama. Si kwa sherifu na askari wake, unanisikia? Ukienda kwa sherifu kuuliza kama una hati, anaweza kukujibu kwa pingu. Karani atakupa namba ya kesi na sababu. Usitegemee mtandao peke yake, kaunti ndogo kama yetu wanachelewa kuingiza mambo. Uliza na kaunti ya jirani kama waliwahi kukusimamisha huko."

"Mwezi uliopita mtu alinipigia. Akasema nina hati, nimnunulie dukani kadi za zawadi zenye pesa, aifute. Nikamtukana."

"Ulifanya vyema. Huyo ni mwizi. Mahakama haiombi kadi za dukani kwa simu."

"Kwa hiyo nilimtukana mwizi, kumbe alisema kweli."

Lurlene akacheka mpaka jozi zikamwagika. Kisha akasema, "Kwenye jengo la mahakama kuna wakili wa wasio na uwezo. Mwombe akuandikie ombi, hakimu aiondoe hati na akupe tarehe. Beba risiti ya taa. Beba cheti cha kifo cha Garnet. Na sema kweli."

Ijumaa asubuhi Verlon alipiga simu. Karani alimpa namba ya kesi, bila kumkaripia. Wakili, binti mmoja aitwaye Maribeth Tackett, alisoma karatasi zake zote.

"Watanifunga?" Verlon alimuuliza.

"Siwezi kukuahidi, mzee. Ila anayekuja mwenyewe na karatasi mkononi hatazamwi kama anayeletwa na pingu."

Jumatano, tarehe ishirini na tano, Verlon alivaa shati la mazishi. Opal alikataa kubaki nyumbani. Hakimu alisoma ombi, kisha akasoma cheti cha kifo.

"Pole, bwana Stidham. Hati imeondolewa. Taa umetengeneza, kosa limefutwa. Lakini leo hii, kabla hujatoka, utabadilisha anwani yako."

"Niandike jina la mbwa, mheshimiwa?"

"La mbwa," alisema hakimu. Watu wakacheka.

Karani akamletea fomu. Verlon aliandika herufi moja moja: Barabara ya Duke. Kesho yake angeendesha gari bila kutazama kioo cha nyuma kila dakika.

Hapo Opal akainua mkono.

"Mama, wewe huna kesi hapa," alisema hakimu.

"Sina. Nina swali. Mimi huishi kwa mashine. Nikikosa mara moja navimba, nikikosa mara mbili mnanizika. Huyu ndiye mguu wangu. Je, kama askari wenu wangemkamata Ijumaa kwa ajili ya taa iliyokwisha kutengenezwa, Jumamosi asubuhi nani angekuja kunichukua?"

Hakimu alimtazama mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka alimtazama karani. Karani alitazama fomu ya anwani, kama vile jibu limeandikwa mle.

Opal akangoja. Kisha akauliza tena, pole pole, wapate kuandika:

"Nani angekuja?"